Milioni 30 Mkononi

Mwenye nyumba wa Mbinga mjini akitaja bei, sikiliza anavyoimalizia. Akisema "milioni 30 mkononi", hajakutajia bei ya nyumba. Amekutajia kiasi anachotaka kiingie mfukoni mwake, na kodi, stempu, wakili na dalali ni juu yako. Mnunuzi wa mara ya kwanza mara nyingi hilo halimgutui. Anambembeleza mzee ashuke milioni 1, wanapeana mikono, na baadaye milioni ile ile anailipa Mamlaka ya Mapato (TRA).

Kisheria mzigo umegawanywa. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida aliyopata, kama ni mkazi wa Tanzania. Ushuru wa stempu kwa kawaida ni wa mnunuzi. Tatizo ni kwamba msajili wa hati hasajili uhamisho bila cheti cha TRA kinachoonyesha kodi ya muuzaji imemalizwa. Muuzaji aliyekwisha kupokea fedha zote hana haraka tena. Anayekwama ni wewe, mwenye mkataba mkononi na hati yenye jina la mtu mwingine.

Tufanye hesabu kwa nyumba ya mfano. Mzee alinunua kiwanja kilichopimwa kwa milioni 4, akajenga kwa milioni 18, sasa anauza kwa 30 na kodi yake anailipa mwenyewe. Faida ni milioni 8, kodi 800,000. Kama stakabadhi za saruji, mabati na fundi zimepotea, na mara nyingi zimepotea, kodi hukokotolewa kwa asilimia 3 ya bei yote: 900,000. Lakini kuna swali ambalo wanunuzi hawaulizi: "Baba, wewe mwenyewe umeishi humu miaka mingapi?" Makazi binafsi yaliyomilikiwa miaka 3 au zaidi, na mwenyewe akaishi humo jumla ya miaka 3, hayatozwi kodi hii iwapo faida haizidi milioni 15. Mzee wetu akiweza kuthibitisha hilo, zile 800,000 hazidaiwi tena, na hapo ndipo mahali pa kusema: basi tugawane. Bei inashuka na mzee hapotezi kitu. Stempu kwa milioni 30 ni nusu ya asilimia kwa 100,000 ya kwanza na asilimia 1 kwa zinazobaki, yaani 299,500, na ilipwe ndani ya siku 30 tangu mkataba utiwe saini.

Kuna wanaoshauri muandike milioni 15 kwenye karatasi ili kodi ipungue. Mbali na kuwa ni udanganyifu, ni hesabu mbovu. Nyumba hupitiwa na mthamini, thamani huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na kati ya thamani hiyo na bei mliyoandika, iliyo kubwa ndiyo inayotozwa. Tena siku utakapouza wewe, gharama yako itasomeka milioni 15, na faida utakayotozwa kodi itakuwa imevimba kwa uongo wako mwenyewe.

Kwa maoni yangu, ratiba ya malipo ina uzito kuliko punguzo lolote. Kabla ya arubuni, omba upekuzi rasmi wa hati; ofisi ya ardhi ya mkoa ipo Songea. Utaona kama kuna rehani ya benki au zuio, na uulize hapo hapo deni la pango la ardhi. Kisha kwenye mkataba fedha zifuate karatasi: milioni 3 siku ya kusaini, 22 siku muuzaji anapokabidhi hati halisi pamoja na fomu za ardhi Na. 29, 30 na 35 zilizosainiwa, na 5 za mwisho cheti cha kodi kikitoka. Hizo 5 ndizo zitakazomfikisha mzee TRA. Mke wake naye asaini ridhaa, kwa kuwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia peke yake.

Wakati nao una bei yake. Fedha za kahawa zikishaingia, mwenye nyumba hana shida na anaweza kusubiri. Januari, ada za shule zikigonga hodi, anayelipa taslimu anasikilizwa. Ukinunua shamba lenye mibuni, andikeni nani anavuna msimu huu. Kwa kukosa kipengele hicho kidogo watu wamegombana sana.

Dalali ana asilimia yake, na hupungua ukiipatania mapema. Ile asilimia 10 inayodaiwa katika baadhi ya ofisi za mitaa na vijiji kwa kushuhudia mauziano ni mazoea tu. Omba waonyeshe sheria ndogo, na stakabadhi.

Kushuka mwambao wa Ziwa Nyasa ni habari nyingine. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay na ujenzi wa bandari vimewapa wenye viwanja vya ufukweni ujasiri wa kutaja bei. Bei hiyo ishushe kwa futi ya kupimia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Eneo la mita 30 kwa 100, lililopimwa kuanzia kwenye maji, ni mita za mraba 3,000, lakini unazoweza kujengea ni 1,200 tu. Toa ofa ya hizo 1,200.

Na sehemu kubwa ya mwambao huo ni ardhi ya kijiji. Huko muhuri wa mwenyekiti hautoshi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mauziano yaliyofanyika bila idhini hiyo. Omba kuona muhtasari wa kikao kilichokuidhinisha, wenye tarehe na saini za wajumbe. Usipoonyeshwa, usitoe hata arubuni.