KUFA, KUFISHWA NA KUSAIDIWA KUFA: NENO LA MGONJWA KATIKA LUGHA NA FASIHI YA KISWAHILI

Katika makala haya nakusudia kuihakiki istilahi moja ambayo imeenea magazetini, redioni na hata katika tasnifu za wanafunzi wetu bila kuulizwa inatoka wapi wala inabeba nini. Istilahi yenyewe ni "kifo cha huruma". Hutumiwa kwa kumaanisha tendo la daktari la kuukatisha uhai wa mgonjwa asiyetarajiwa kupona, au la kumpa mgonjwa huyo dawa ili aukatishe mwenyewe. Mjadala juu ya tendo hilo ni mkubwa duniani na hauna budi kutufikia. Hoja yangu ni kwamba tunauingia mjadala huo tukiwa tumekwisha kuuamua kwa jina, na kwamba jina tulilolichagua linamfuta yule ambaye mjadala wote wamhusu, yaani mgonjwa mwenyewe.

Tuanze na Wayunani, maana dhana ilianzia kwao. Neno lao limeundwa kwa vipashio viwili, wema na mauti. Ukilitafsiri sisisi utapata "mauti mema". Mswahili aliyelelewa pwani hatashangazwa na maneno hayo, kwa kuwa mauti mema huyaomba kila siku, ila huyaita khatima njema. Anachoomba si kufupishiwa maradhi. Anaomba afe imani yake ikiwa nzima, shahada ikiwa ulimini na madeni yake yakiwa yamelipwa. Mkristo wa bara naye huomba mwisho mwema kwa maana iliyo karibu na hiyo. Dhana ya kufa vizuri, basi, tunayo tangu kale. Asiyekuwamo ndani yake ni daktari.

Huruma je, iliingiaje? Iliingia kwa mlango wa Kiingereza, ambako watu walikuwa wamezoea kusema juu ya kuua kwa huruma. Mfasiri wetu, kwa staha, aliona haya kulitamka neno "kuua", akaweka "kifo" mahali pake. Matokeo yake ni jina lisilo na mtenda. Kifo kimekuwa cha huruma kama vile chungu kilivyo cha udongo. Ni nani aliyemhurumia nani? Jina halisemi. Waaidha, huruma ni sifa ya atoaye, wala si ya apokeaye, ilhali sheria zilizopitishwa ugenini zimejengwa juu ya msingi mwingine kabisa. Sheria ya Uholanzi iliyoanza kutumika mwaka 2002 inadai kwamba mgonjwa mwenyewe awe ameomba, kwa hiari yake na baada ya kufikiri sana. Mateso yasiyovumilika ni sharti jingine, lakini hayatoshi pasipo ombi hilo. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ilipigiwa kura mwaka 1994 na kuanza kufanya kazi mwaka 1997, daktari haruhusiwi kumdunga mgonjwa sindano ya kumwua. Humwandikia dawa tu, na mgonjwa huinywa mwenyewe. Kinachotetewa huko ni hiari. Huruma ya daktari pasipo ombi la mgonjwa, kwa kadiri ya sheria hizo, ni mauaji. Mfasiri wetu, kwa hiyo, ametafsiri dhana ya zamani akidhani anatafsiri mpya, na wasomaji wake wanabishana juu ya jambo ambalo halimo katika sheria wanazozitaja.

Sasa tuvitazame vitenzi, kwa sababu humo ndimo lugha yetu ilimo na utajiri. Kitenzi -fa hakitaki yambwa. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea kinakuwa -fia, nasi husema "mtoto amemfia mamaye". Kikisogezwa hadi kauli ya kutendewa, twapata "mama amefiwa". Yafaa msomaji atue hapa kidogo. Katika mnyambuliko huu anayetendewa na kifo si maiti. Ni yule aliyebaki. Mfu amekwisha kutenda tendo lake, naye mama, ambaye hakutenda lolote, ndiye sarufi inayomhesabu kuwa amepatwa. Wanafalsafa wa hiari ya nafsi, ambao niliwasoma kwa bidii nilipokuwa masomoni ng'ambo, hulipita jambo hili upesi mno. Kwao kifo cha mtu ni mali yake, kama shamba lake. Kiswahili hakikatai kwamba ni chake, ila kinaongeza kwamba hakifi peke yake.

Kuna -fisha pia, na hapa mambo yanazidi kuwa magumu. Katika Kiswahili cha wanazuoni na cha tafsiri za Kurani, kiima cha kitenzi hiki ni Mungu: yeye ndiye ahuishaye na ndiye afishaye. Ni kweli kwamba husemwa pia sumu ya kufisha na ugonjwa wa kufisha. Lakini mwanadamu hakai kwa raha katika nafasi hiyo ya kiima. Mwanadamu huua. Jaribu kusema "daktari amemfisha mgonjwa" mbele ya wazee wa Lamu au wa Mombasa. Kabla ya kuuliza juu ya sheria watauliza daktari huyo amejipa cheo gani. Kinyume chake, nahau "kuaga dunia" humweka mwenye kufa katika nafasi ya mtenda: ndiye aagaye, na sisi ndio tunaoagwa. Sidai kwamba sarufi huamua maadili. Watu wawili wenye sarufi moja huweza kugawanyika kabisa juu ya jambo hili, na hugawanyika. Nadai tu kwamba atakayetunga istilahi bila kuvisikiliza vitenzi hivi atatunga neno ambalo wasemaji watalitumia kwa mdomo na kulikataa kwa moyo.

Kisha kuna "kusaidiwa kufa", ambayo nayo imeanza kutumiwa kwa maana ya kupewa dawa ya kufia. Bahati mbaya ni kwamba maneno hayo yamekwisha kuwa na kazi yake. Mgonjwa akiwa katika sakarati, jamaa humwelekeza kibla, humdondoshea maji kinywani kwa pamba, humsomea Yasini, humnong'oneza shahada sikioni ili aifuate akiweza. Kwa Wakatoliki, padri huitwa kwa mpako wa wagonjwa. Aliyefanyiwa hayo amesaidiwa, na waliomfanyia huweza kusema "tulimsaidia" bila mtu yeyote kudhani kwamba walimpa kitu. Kulichukua neno hilo na kulivika maana ya pili ni kumnyang'anya mkaa-mgonjwa jina la kazi yake.

Fasihi yetu inasemaje? Wengi hukimbilia kudai kwamba hiari juu ya kifo ni mawazo ya Kizungu yasiyo na mizizi kwetu. Wanaosema hivyo hawajasoma. Fumo Liyongo, katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913 kama katika masimulizi yaliyoutangulia, anaulizwa na mwanawe ni kitu gani kiwezacho kumwua. Baba anashuku kwamba kijana ametumwa. Hata hivyo anamjibu: kitu cha shaba kitiwacho kitovuni. Wahakiki husoma hapa usaliti wa mwana, nao ni sawa. Lakini kuna hiari ya baba pia, ya mtu aliyeikabidhi siri ya kifo chake kwa mkono alioujua. Tena fuateni linalotokea baadaye. Liyongo aliyekwisha kuchomwa anakwenda kisimani, anapiga goti, anauvuta uta wake, na kufa katika hali hiyo; watu wa mji wanakosa maji kwa hofu ya mtu aliyekwisha kufa, hata mamaye anasihiwa aende kumbembeleza. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kifo kilichokuwa cha mtu mmoja kikawakausha koo watu wa mji mzima.

Mfano wa pili ni wa utulivu zaidi, nami nauona kuwa na uzito zaidi. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, umesomwa kizazi baada ya kizazi kama mafunzo ya mke kwa mumewe, na katika miaka ya karibuni umelaumiwa kwa sababu hiyo hiyo. Ni ajabu kwamba wanaousifu na wanaoulaumu husahau mara nyingi kuwa mtunzi wake alikuwa mgonjwa. Mjane huyo wa Bwana Mataka wa Siu alikuwa katika maradhi ambayo hakupona. Alifariki yapata mwaka 1860. Utendi unaanza kwa kumwita binti asogee karibu na wino na karatasi. Tuyasome haya kama maneno ya mgonjwa. Ndiye anayeamuru nani akae karibu, nini kiandikwe, yapi yatangulie. Baadaye ndiye anayegeuka kumwomba Mungu, na miongoni mwa anayoyaomba ni afya. Amejiandaa kufa na bado anaomba kupona, wala haoni kwamba mambo hayo mawili yanagongana. Jina la kitendo chake ni usia, na usia ndio mahali ambapo fasihi yetu imeiweka hiari ya mwenye kufa: katika neno analoliacha na katika sikio linalolipokea.

Kwa mwanga huo nataka kutofautiana na usomaji uliozoeleka wa riwaya mbili za Kezilahabi, Rosa Mistika ya mwaka 1971 na Kichwamaji ya mwaka 1974. Mhusika mkuu wa kila moja anajiua, na wahakiki wameona humo uhuru wa nafsi kwa mujibu wa falsafa ya udhanaishi. Humtaja Camus kama shahidi, jambo la kustaajabisha kidogo, kwa kuwa Camus alilianza swali la kujiua ili alikatae. Rosa ana hiari gani? Baba ameamua kwa kiboko, shule imeamua kwa kuta zake, mchumba ameamua kwa kumwacha. Tendo la mwisho ni lake kweli, lakini ni la mtu aliyebakishiwa tendo moja. Kazimoto naye, msomi wa chuo kikuu, anasema nasi riwaya nzima, ilhali ndani ya riwaya ni wachache mno awezao kuwaeleza yaliyo moyoni mwake. Kezilahabi hakuandika sifa za uhuru. Aliandika juu ya watu ambao usia wao haukuwa na wa kuupokea.

Haya yote yasitumiwe kama kisingizio cha kusema kwamba mambo yetu ni mazuri. Hayako hivyo. Katika nyumba nyingi na wodi nyingi mgonjwa wa saratani huwa wa mwisho kuambiwa ana nini. Huambiwa kwanza kaka mkubwa au mtoto wa kiume, na baada ya hapo kila mtu hunong'ona. Mkusanyiko ule ule wa jamaa ambao nimeusifu huweza kumziba mgonjwa kinywa. Mwana Kupona hakuzibwa. Anayetaka kuitetea desturi na auanzie utetezi wake hapo.

Kwa upande wa sheria nitasema machache. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwadhibu anayemsaidia mwingine kujiua kwa kifungo kinachoweza kufika cha maisha. Kifungu cha 226, kilichomwadhibu mtu kwa kujaribu kujiua, kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025; hukumu hiyo haikukihusu cha 225. Afrika Kusini, mwaka 2015, Mahakama Kuu ya Pretoria ilimruhusu wakili mmoja mwenye saratani asaidiwe na daktari kufa, kumbe mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki siku hiyo hiyo kabla ya amri kutolewa. Mahakama ya Rufani ikaitengua amri mwaka uliofuata.

Linalonishughulisha mimi ni maumivu. Nairobi Hospisi ilianzishwa mwaka 1990, na Uganda ilibadili kanuni zake mwaka 2004 ili wauguzi waliofunzwa waweze kumwandikia mgonjwa mofini. Hatua hizo ni kubwa. Lakini dawa hiyo ya kunywa, ambayo si ghali, haimfikii kila aihitajiye. Mgonjwa anayeomba afe kwa sababu usiku kucha hajalala, na ambaye angelala kama mofini ingekuwapo, ombi lake si hiari kwa maana ambayo sheria ya Uholanzi inaikusudia. Anachokiomba ni usingizi. Kabla ya kumtafsiria sheria, ni wajibu tumtafsirie sentensi yake. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka sheria ya namna hiyo iletwe sasa, ingawa siwaungi mkono pia wanaoipinga kwa kudai kwamba mgonjwa wa Kiafrika hana neno lake.

Kuhusu istilahi, napendekeza zifuatazo zijadiliwe. Daktari akidunga kwa ombi la mgonjwa, tuseme "kuua kwa ombi". Mgonjwa akinywa mwenyewe dawa aliyopewa, tuseme "kujiua kwa msaada". "Kusaidiwa kufa" tuwaachie wakaa-wagonjwa na watoaji wa tiba shufaa, ambao ni wenye nalo. Italalamikiwa kwamba "kuua kwa ombi" ni kukali mno. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Uholanzi yenyewe hulitaja tendo hilo kwa jina la kuukatisha uhai wa mtu kwa ombi lake, na wabunge wa huko hawakuona haja ya kulipaka sukari. Neno "ombi" lina faida moja ambayo "huruma" haina: linalazimisha swali la nani aliyeomba, kwa maneno gani, na mbele ya nani.

Linabaki suala la -fisha, ambalo nawaachia wanaleksikografia. Mtindo unaanza kuonekana wa kukitumia kitenzi hicho kwa daktari, pengine kwa kuwa kinasikika laini kuliko -ua. Kamusi haina budi kuyaandika yasemwayo. Ikifika zamu ya kukiingiza kwa kiima cha kibinadamu, mimi ningetanguliza mifano ya zamani, kisha huo mpya, na pembeni yake ningeweka alama ya kuuliza.