Sifa za Tindo: Mahekalu ya Mwamba ya Mahabalipuram

Kwenye pwani ya Ghuba ya Bengali, kiasi cha kilomita 60 kusini mwa Chennai nchini India, upo mji mdogo wa Mahabalipuram, ambako mafundi wa wafalme wa Kipallava, katika karne ya 7 na ya 8, walichonga mahekalu ya Kihindu ndani ya itale, jiwe gumu ambalo hata tindo ya chuma hulimega kwa shida. Mwashi hujenga kwa kuongeza jiwe juu ya jiwe, na akikosea hubomoa akaanza upya. Mchonga mwamba hujenga kwa kupunguza, na kipande kilichokwisha kubanduka hakirudi tena mahali pake.

Ugumu huo unadhihirika katika ratha tano, yaani mahekalu yaliyochongwa mfano wa magari ya miungu, ambayo baadaye yalipewa majina ya mashujaa wa utenzi wa Mahabharata. Ratha ya Draupadi, iliyo ndogo kuliko zote, ina paa lililopinda kama la kibanda cha makuti, kana kwamba fundi alikusudia jiwe liukumbuke unyenyekevu wa nyasi. Ratha ya Dharmaraja, iliyo ndefu kuliko zote kwenda juu, imekamilika zaidi juu kuliko chini, jambo linaloonyesha kwamba kazi ilianzia kileleni ikateremka, ili vigae vya mawe vilivyodondoka viangukie mwamba ambao haujaguswa, visiiharibu nakshi iliyokwisha.

Ustadi mkubwa zaidi umo katika ukuta wa michongo wenye urefu unaokaribia mita 30, ambao wataalamu wengine husema unasimulia kushuka kwa mto Ganga kutoka mbinguni, na wengine ibada ya kujinyima ya shujaa Arjuna. Katikati ya mwamba ulikuwapo ufa wa asili, ambao fundi mwingine angeuona kuwa kasoro. Wachongaji hawa waliufanya kuwa mto, wakaweka ndani yake nyoka wa kimungu wanaopanda dhidi ya mkondo. Juu amesimama mtawa kwa mguu mmoja, mikono ameiinua, mbavu zinahesabika. Chini, karibu na miguu ya tembo, paka amesimama kwa miguu ya nyuma na kumwiga mtawa huyo, huku panya wakicheza mbele yake bila hofu. Aliyemchonga paka huyo mnafiki alijua kwamba ibada na mzaha vyaweza kukaa katika jiwe moja bila kuvunjiana heshima.

Hekalu la Ufukweni, la mwanzoni mwa karne ya 8, halikuchongwa ndani ya mwamba bali lilijengwa kwa matofali ya mawe, na upepo wa chumvi umezilainisha sura za sanamu zake hadi nyingine hazitambulikani. UNESCO iliyaingiza mahekalu na michongo hii katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984, lakini urithi wenyewe haukuishia kwenye magofu, kwa kuwa wachongaji wa mji huo wangali wanachonga sanamu za itale hadi leo. Anayekwenda kuyazuru na aanzie kwenye kazi ambazo hazikumalizwa, kwa maana ni hapo ambapo alama za tindo hazijasuguliwa, na mkono wa fundi bado unaonekana.