Hema Juu ya Pikapu: Safari ya Mofwe Ilivyopangwa

Anayetafuta kukodi nyumba ya magurudumu nchini Zambia, ile yenye kitanda, jiko na choo ndani ya bodi moja kama zinazozunguka Marekani, atatafuta sana. Soko la Lusaka na Livingstone limejengwa juu ya pikapu. Utapewa Toyota Hilux au Land Cruiser ya dizeli, foo-wili, yenye hema linalokunjuliwa juu ya paa, jokofu dogo nyuma, jiko la gesi na meza ya kukunja. Wapo wanaoiona kuwa mbadala wa mtu aliyekosa. Kwa safari ya Mofwe naona ndicho chombo chenyewe. Ubovu wa barabara ni sababu ndogo tu. Sababu kubwa ni jinsi mji tuliokuwa tukiuendea ulivyoishi.

Mofwe ni ziwa dogo lenye matete, katika bonde la mto Luapula, kusini mwa Ziwa Mweru. Kando yake ndipo wafalme wa Kilunda wenye cheo cha Mwata Kazembe walipoweka ikulu zao tangu karne ya 18, baada ya kutoka kwa Mwata Yamvo, mfalme mkuu wa Walunda, upande wa magharibi. Ila ikulu hiyo haikukaa mahali pamoja. Kazembe akifa, anayemrithi huchagua kiwanja kingine na kujenga upya. David Livingstone, aliyefika Novemba 1867, aliikuta desturi hiyo na kuiandika. Kabla yake Mreno Lacerda alifika mwaka 1798 na kufia huko, na msafara wa Monteiro na Gamitto ulifika mwaka 1831. Kila mmoja alipokewa na Kazembe mwingine.

Kwa hiyo mtu aliyezoea magofu ya Kilwa Kisiwani au Gedi, anayetaka kushuka garini na kuonyeshwa kuta za mawe, atarudi na malalamiko. Hapa nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na mji ulihama. Historia imetandazwa kandokando ya maji, kutoka Mwansabombwe, ilipo ikulu ya leo, hadi Nchelenge na Kashikishi ziwani. Ukilala hotelini utakuwa unakwenda na kurudi kwenye barabara ileile kila siku. Ukiwa na kitanda juu ya gari unaufuata mstari huo wa maji.

Sasa tuje kwenye mahesabu, kwa kuwa safari nyingi za aina hii huharibikia hapo, gari likiwa bado uani kwa mwenye mali.

La kwanza ni mkataba, na ndani yake bima. Mikataba ya pikapu za kambi kusini mwa Afrika hufanana sana: matairi, vioo na uvungu wa gari mara nyingi haviko ndani ya bima ya kawaida, gari likipinduka lenyewe bila kugongana na jingine, mkodishaji huweza kukubebesha gharama zote, na kuendesha usiku kunaweza kufuta kinga yote. Kifungu hicho cha usiku ndicho kilichopanga ratiba yetu kuliko ramani. Katika latitudo ile jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na hema linataka nusu saa ya mwanga kulikunjua na kupika. Kwa tahadhari, saa kumi uwe umeshafika unakolala. Ukiongeza ng'ombe, baiskeli zenye magunia ya mkaa na malori yasiyo na taa za nyuma, unaona mwenye gari hakukiandika kifungu kile kwa roho mbaya.

La pili ni uzito, na hapa nitakaa kidogo. Pikapu ya aina hii hubeba takriban tani moja kasoro, abiria wakiwamo. Hesabu: bodi ya nyuma na makabati yake kilo 150, hema la paani kilo 60, watu wazima wanne kilo 300, maji lita 60, basi kilo 60, jokofu lenye chakula kilo 40, tairi mbili za akiba kilo 60, mizigo, jiko, mtungi na viti kilo 80. Tayari ni 750, na hujanunua hata mahindi ya kuchoma njiani. Nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko inavyoonekana kwa macho. Mpagazi wa misafara ya pwani alibeba mpaka frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Hema la paani peke yake ni mzigo wa wapagazi wawili, na uko mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa. Kona ya lami inayopitika kwa kilomita 90 kwa saa kwenye gari tupu, hapa ipitie kwa 60. Vitu vizito vyote, maji kwanza, vikae chini kabisa na karibu na ekseli ya nyuma. Juu ya paa isiongezwe hata dumu tupu, maana dumu tupu lina tabia ya kujazwa.

Upepo wa matairi unafuata uzito. Kwenye lami tulifuata kibandiko cha mlangoni kwa gari lililojaa. Kwenye vumbi lenye mawimbi tulishusha hadi karibu baa 1.8, tairi likawa laini na mtikisiko ukapungua, ila mwendo nao lazima ushuke, kwa kuwa tairi laini likiendeshwa kasi hupata moto na kupasuka. Bila pampu ya kurudisha upepo usilijaribu hilo.

La tatu ni umeme. Wengi wanaorudi wakilalamika kuhusu gari la kambi, ukiwauliza vizuri utasikia nyama iliharibika. Jokofu la volti 12 hutumia ampea 4 hivi linapofanya kazi, na kwa joto la bonde la Luapula hufanya kazi karibu nusu ya muda wote. Wastani ni ampea 2, basi ampea-saa 48 kwa siku nzima. Betri ya pili ya asidi yenye ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, ikizidi hapo inaanza kufa. Kwa hiyo unayo 50. Siku moja, na imeisha. Ukiendesha kila siku, alteneta inarudisha kilichotumika. Ukiegesha siku mbili mahali pazuri, na mahali pazuri ndipo unapotaka kuegesha, jokofu linazimika. Paneli ya jua ya wati 100, ikipata saa tano za jua kali, huleta ampea-saa 25 hadi 30. Inasogeza mwisho lakini haiuondoi. Tulichofanya ni kutolilisha jokofu nyama mbichi baada ya kupita mji wa Mansa. Kando ya ziwa samaki wananunuliwa siku ileile wanayoliwa, na jokofu likabaki kwa maji ya kunywa na dawa.

Njia ninaipita haraka. Kutoka Lusaka, barabara kuu ya kaskazini hadi Serenje, kisha kushoto kuvuka Luapula kuelekea Samfya na Mansa, halafu kaskazini kupitia Mwense hadi Mwansabombwe na Nchelenge. Jumla ni karibu kilomita 1,000, na sehemu kubwa ni lami. Ipo njia fupi inayokata kipande cha Kongo, kama kilomita 70 kutoka Mokambo hadi daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008 badala ya pantoni. Kwa gari la kukodi iache: unavuka mipaka mara mbili, na barua ya mwenye gari ya kuruhusu Kongo haitolewi kirahisi. Anayetoka Tanzania na gari lake aingie Tunduma na Nakonde, kituo cha forodha cha pamoja, akiwa na kadi halisi ya gari na ile bima ya kadi ya njano ya COMESA, kisha ashike Kasama na Luwingu hadi Mansa.

Hilux yenye tangi la lita 80, ikiwa imejaa mizigo, hula lita 12 kwa kilomita 100, basi masafa yake halisi ni kilomita 650. Ukijaza Serenje na Mansa, huhitaji dumu la dizeli.

Swali gumu zaidi kuliko yote niliyoyataja ni wapi pa kulala. Ufukwe wa Mweru, kwa uzuri wake wote, hauna mtandao wa kambi kama ule wa mbuga za kusini. Ni ufukwe wa kazi: mitumbwi, nyavu, vichanja vya kuanikia, watoto wanaochota maji. Kukunjua hema katikati ya hayo ni kulala sebuleni kwa mtu bila hodi. Kambi zenye choo na mlinzi ziko kwenye maporomoko, chini ya tume ya taifa ya uhifadhi wa urithi. Mbili ndizo zinazofaa. Ntumbachushi iko kwenye mto Ng'ona, kando ya barabara ya Kawambwa, juu ya mteremko unaoshuka bondeni. Lumangwe iko kwenye mto Kalungwishi upande wa kaskazini-mashariki. Ni pazia la maji lenye upana unaozidi mita 100, na njia ya kwenda huko ni ya vumbi.

Basi, hata kama ni kwenda na kurudi kama wa hotelini, mpango ukawa kulala Ntumbachushi na kushuka Mwansabombwe mchana. Ulikuwa na faida ambayo haikuwa kwenye hesabu. Mto Ng'ona uleule unaoanguka hapo kambini ndio unaohusika katika ibada ya Mutomboko, sherehe ya Walunda wa Kazembe inayofanyika Mwansabombwe mwishoni mwa Julai. Kabla ya kucheza ngoma ya ushindi akiwa na upanga na shoka, Mwata huenda mtoni kutoa sadaka ya chakula na kinywaji kwa mizimu. Ukiwa umeamka juu ya maji hayo asubuhi, unapoyakuta mjini mchana huhitaji mwongozaji akueleze kwamba mji na mto ni habari moja. Mwata wa sasa, wa 19, yuko kitini tangu 1998. Ikulu haiingiwi kwa kamera mkononi: unaeleza shida yako kwa wasaidizi, unasubiri, na ukiruhusiwa unapiga makofi kwa heshima kama wenyeji wanavyopiga.

Njiani kati ya Kawambwa na Mwansabombwe kuna Mbereshi, kituo cha wamisionari wa London tangu mwaka 1900, ambako Mabel Shaw alianzisha shule ya wasichana mwaka 1915. Kanisa lake la matofali lingali limesimama. Ni jengo la kudumu kuliko lolote nililoliona katika bonde hilo, na si la Kazembe.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kwenda huko. Livingstone alipofika kwa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyezuiwa hapo kwa miaka, na wakaondoka pamoja hatimaye hadi Ujiji. Mwaka huohuo wa 1867 Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Watabwa mashariki mwa Ziwa Mweru na kujaza pembe za ndovu. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake. Na ndani ya Mweru kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, upande wa Zambia, kikitazamana na mji wa Kilwa ulioko Kongo. Leo lugha ya Kiswahili inafika kwa mlango mwingine. Sokoni Kashikishi utaisikia kwa wachuuzi wanaovuka ziwa, na kambi ya Mantapala, iliyofunguliwa 2018 katika wilaya ya Nchelenge, imepokea Wakongo wengi wanaoizungumza. Tulinunua samaki kwa Kiswahili, kwa mama aliyetuita wanangu na bado akatupandishia bei.

Samaki wenyewe wana kalenda. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na huo pia ni msimu wa mvua. Ukija miezi hiyo utakuta wakavu tu. Chisense, dagaa wa Mweru, ndio wanaotawala vichanja sasa. Mpumbu, samaki mkubwa aliyewahi kuwa utajiri wa Luapula, alivuliwa mpaka akaporomoka katikati ya karne iliyopita. Mei hadi Agosti ndiyo miezi ya kwenda: njia kavu, usiku wa baridi kidogo, betri haiteseki.

Jambo moja halina mjadala. Nchelenge ni kati ya wilaya zenye malaria nyingi kuliko zote Zambia, na watafiti wamekuwa wakiifuatilia kwa miaka. Hema la paani lina wavu kila dirisha, lakini mbu anakupata kabla hujapanda, wakati unakaanga samaki. Tulikula mapema, mikono mirefu na soksi, dawa ya kinga tumeanza nyumbani. Ziwani hatukuoga, kwa sababu ya kichocho na mamba, na maji ya kunywa yalichemshwa hata yale ya bomba.

Ningelipanga tena, ningebadilisha gari lenyewe kidogo tu. Watu wawili kwa pikapu moja, si wanne: kilo 150 zinarudi, nusu ya hizo iwe maji, na hema la pili liwe la kuweka chini, la kilo nne, ili gari liweze kwenda Kashikishi mchana bila kung'oa kambi nzima. Hema la paani haliachwi nyuma. Mmoja akitaka mkate asubuhi, kitanda cha wote kinakwenda dukani. Na siku ya kurudisha gari, lioshwe uvungu Mansa, maana tope la bondeni huficha mikwaruzo mipya na ya zamani pia, na picha ulizopiga uvunguni siku ya kwanza ndizo zitakazobishana na mkaguzi kwa niaba yako.