Chuck Berry, Johnnie Johnson na ngozi ya ngoma

Kwa miaka zaidi ya 30, wimbo "Maybellene" ulihesabiwa kuwa na watunzi watatu: Chuck Berry, Russ Fratto na Alan Freed. Wa kwanza aliutunga na kuurekodi mwaka 1955 katika kampuni ya Chess, Chicago. Wa pili alikuwa mfanyabiashara aliyejuana na Leonard Chess, mwenye kampuni. Wa tatu alikuwa mtangazaji wa redio kule New York, yule yule aliyelivumisha jina la rock and roll. Fratto na Freed hawakutunga hata mstari mmoja. Lakini Freed alikuwa na redio, na redio ndiyo iliyouza santuri. Basi, jina likaingia, na mirabaha ikagawanywa. Berry aliupata tena wimbo wake wote mwaka 1986.

Kisa hiki kimo katika tawasifu ya Berry iliyotoka mwaka 1987, na ni miongoni mwa sehemu zinazomgusa msomaji. Kitabu aliandika mwenyewe, hakumkodi mtu, na inaonekana: sentensi zinacheza na maneno kama zinavyocheza nyimbo zake. Ukifika hapo unakuwa upande wake kabisa. Kijana mweusi wa St. Louis anaibiwa mchana kweupe.

Lakini wahenga walishasema: kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Yupo mtu wa nne. Jina lake halikuandikwa pale kama mtunzi, na yeye alikuwemo studio siku ile akipiga piano. Ni Johnnie Johnson.

Turudi nyuma kidogo. Mkesha wa mwaka mpya, mwisho wa 1952, Johnson alikuwa na kikundi chake cha watu watatu. Mpiga saksafoni akaugua, akatafutwa mtu wa kuziba pengo. Aliyepatikana ni Chuck Berry. Yaani, huyu tunayemwita baba wa rock and roll aliingia bendi kama deiwaka! Muda si mrefu akawa ndiye kiongozi, na mwenye bendi akabaki nyuma ya piano yake.

Mwaka 1987 huo huo ilitoka filamu "Hail! Hail! Rock 'n' Roll" ya Taylor Hackford, kuhusu maonyesho ya Berry alipotimiza miaka 60. Humo Keith Richards wa Rolling Stones anatoa hoja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Nyimbo nyingi za Berry, anasema, ziko katika funguo zinazomkalia vizuri mpiga piano na mpiga saksafoni, wala si mpiga gitaa. Gitaa likiachiwa lichague, litachagua pengine. Kwa nini basi mpiga gitaa ajitese hivyo, kama si kwamba muziki ulizaliwa kwenye piano? Wakati huo Johnson alikuwa dereva wa basi mjini St. Louis.

Mwaka 2000 Johnson alikwenda mahakamani, akidai kuwa Berry alikuwa akija na maneno, kisha wakiutafuta muziki pamoja. Mwaka 2002 kesi ikatupwa kwa sababu miaka mingi mno ilikuwa imepita. Tusichanganye mambo hapa: mahakama haikusema Johnson hakutunga. Ilisema amechelewa. Sheria ina kalenda, sisi wasomaji na wasikilizaji hatuna.

Sasa, haki ni haki, na Berry naye ana yake. Maneno ni yake, na hakuna aliyewahi kudai vingine. Wanafunzi wanaosubiri kengele ilie, magari, foleni za barabarani, wazazi wasioelewa: aliyaweka katika mistari mifupi inayosimulia hadithi nzima kwa dakika mbili na nusu. Katika "Johnny B. Goode" ya mwaka 1958, anasimulia, kwanza alimtaja kijana wake kwa rangi, kisha akabadilisha akamfanya kijana wa mashambani ili redio zisiukatae wimbo. Huyo ni mwandishi anayejua neno moja lina bei gani. Na jina la Johnny alilitoa kwa nani? Kwa Johnson mwenyewe. Ila ndani ya wimbo, mpiga piano amegeuzwa mpiga gitaa. Hapo mimi huwa nasimama.

Tatizo, nadhani, ni neno lenyewe "mtunzi", tunapolitumia kana kwamba daima ni mtu mmoja. Wapenzi wa taarabu hawapati shida hapa: mashairi huweza kuwa ya huyu, muziki wa yule, na sauti ya mwingine kabisa. Marekani ya miaka ya 1950 ilikuwa na mstari mmoja tu kwenye karatasi, na aliyeujaza ndiye aliyekula. Freed aliujaza bila kutunga. Johnson, kama aliyodai ni kweli, alitunga bila kuujaza. Berry aliyaonja machungu ya kwanza, akashindwa kuyaona ya pili yaliyokuwa hatua chache kutoka mahali aliposimama jukwaani.

Simwiti mwizi. Walikuwa marafiki kwa miaka mingi, na watu wanaotengeneza kitu pamoja hawaweki daftari la nani kaleta nini. Lakini tawasifu nzuri inatakiwa ituoneshe hata pale ngozi ilipovutwa, na hii haikufanya hivyo.

Kama una nusu saa leo, geuza upande wa pili wa "Maybellene". Kuna blues ya polepole inaitwa "Wee Wee Hours". Sikiliza piano tangu mwanzo hadi mwisho, halafu uniambie wewe ungeandika majina mangapi.