Shukrani za Violeta Parra

Nyimbo za shukrani ni nyingi duniani, na nyingi katika hizo hazina ladha. Mwimbaji hushukuru jua, mvua na watoto, na msikilizaji huondoka kama alivyokuja. Kwa hiyo wimbo wa Kihispania uitwao "Gracias a la vida", yaani Shukrani kwa Maisha, wastahili kutazamwa kwa makini. Mtunzi wake ni bibi Violeta Parra wa nchi ya Chile, katika Amerika ya Kusini, naye aliutoa katika santuri mwaka wa 1966.

Violeta alizaliwa mwaka wa 1917, binti wa mwalimu wa muziki na mama mshoni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka mashambani akiokota nyimbo za kale vinywani mwa wazee. Alidarizi vitambaa pia, na mwaka wa 1964 vilionyeshwa katika jumba la Louvre, Paris. Lakini tuyaache hayo, tuutazame wimbo.

Una beti sita. Kila mstari una mizani kumi na mbili, nao hukatika katikati, sita kwa sita. Ajuaye ukwapi na utao wa mashairi yetu hatauona mgeni. Kila ubeti huanza kwa maneno yale yale ya shukrani, kama kwamba kibwagizo kimeondolewa mkiani kikawekwa kichwani. Kisha zawadi hutajwa moja moja: macho, masikio, sauti pamoja na herufi, miguu iliyochoka kwa safari, moyo, na mwisho kicheko na kilio.

Sasa msomaji na aangalie jambo ambalo wengi hulipita. Katika kila ubeti wa tano zile za kwanza, zawadi humfikisha mwimbaji kwa mpenzi wake. Macho humwona katika umati, masikio husikia sauti yake, miguu huenda nyumbani kwake. Katika ubeti wa sita mpenzi hayupo. Mahali pake pamekaliwa na wasikilizaji, na wimbo wake umekuwa wimbo wa watu wote. Hakuna neno la kueleza kwamba ameondoka. Nafasi tu ndiyo isemayo. Katika maisha yake, Mswisi mpiga filimbi aliyempenda alikuwa amehamia Bolivia.

Mwezi wa Februari 1967 Violeta alijiua. Wako wasemao kuwa shukrani ile ilikuwa kwaheri, na wengine kuwa ilikuwa uongo. Mimi naona kuwa wote wamechukua njia ya mkato. Wimbo wenyewe umekwisha kusema kuwa umefumwa kwa nyuzi mbili, kicheko na kilio, wala haukuficha hata mmoja. Msikilize: anapiga charango, chombo kidogo cha nyuzi kumi, mfano wa gambusi, na sauti yake haipandi wala haibembelezi. Anashukuru kama mtu ahesabuye mali aliyoazimwa kabla ya kuirudisha.

Waliomfuata wameuimba kwa namna nyingi. Joan Baez wa Marekani aliipa santuri yake nzima jina la wimbo huu mwaka wa 1974. Sauti yake ni safi, lakini kwa sikio langu furaha yake ni nyepesi mno. Kicheko kimo, kilio sikioni.

Mercedes Sosa wa Argentina ni habari nyingine. Aliurekodi mwaka wa 1971 kwa sauti nene itokayo kifuani. Wakati wa utawala wa majeshi, alikamatwa jukwaani mjini La Plata pamoja na watu waliokuja kumsikiliza, kisha akaenda uhamishoni Ulaya, asirudi hata mwaka wa 1982. Mtu aliyetiwa mbaroni pamoja na wasikilizaji wake ana haki ya kusema kuwa wimbo wake ni wimbo wa wote. Ubeti wa sita ni wake, na hapana aliyeuimba vizuri kumshinda. Alifariki tarehe 4 Oktoba 2009, tarehe na mwezi aliozaliwa Violeta.

Hata hivyo, nikiwa peke yangu usiku, huweka santuri ya 1966. Kwa Sosa ubeti wa tano ni daraja la kuvukia kwenda kwa umati. Kwa Violeta yale macho ya mpenzi yangali yanatazamwa, naye hana haraka ya kuyaacha.