Wanakijiji wa Akenfield na Kalamu ya Blythe

Kijiji cha Akenfield hukioni kwenye ramani ya Uingereza, ukitafute upendavyo. Jina hilo ni la kubuni. Ronald Blythe alilitumia kuvisitiri vijiji halisi vya Suffolk, kikiwemo Charsfield, alipochapisha kitabu chake mwaka 1969. Majina ya watu pia aliyabadilisha.

Basi hiki ni kitabu cha historia au ni riwaya iliyovaa joho la historia? Wataalamu wa historia simulizi walimkosoa Blythe, na nadhani walikuwa na haki kwa kiasi fulani. Mhunzi, muuguzi, mchimba makaburi na wapiga kengele za kanisa, kila mmoja anazungumza peke yake. Maswali yaliyowachokoa hatuyasikii. Tena wote wana ufasaha ule ule unaotia shaka. Hata sisi tuna kasoro hii, jamani: ajuza wa Pate anasimulia kwa lahaja yake tamu, halafu tasnifu inamfanya azungumze kama mtangazaji wa redio.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaokitupilia mbali. Yupo mle mzee mmoja, kibarua wa shambani, aliyepigana Gallipoli mwaka 1915. Anakumbuka kwamba alipoingia jeshini alinenepa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na kazi ya sulubu. Hebu lipime hilo! Vijana walikimbilia vita ili waliepuke shamba. Waingereza waliozoea kuchorewa kijiji chenye maua na kondoo wametulia tuli, hapa wanaonyeshwa njaa, ujira duni na nyumba ambayo kibarua angeweza kuipoteza pamoja na kazi. Blythe hakuwa mgeni aliyekuja na daftari akaondoka. Alizaliwa Suffolk mwaka 1922 katika ukoo wa wafanyakazi wa mashambani, na wengi aliowahoji walikuwa majirani zake. Nashuku ujirani huo ndio uliowafungua vinywa.

Mwaka 1974 Peter Hall alikigeuza kitabu kuwa filamu. Aliwatumia wenyeji badala ya waigizaji wa kulipwa, nao wakajibuia maneno yao papo hapo. Wanababaika, wanakatizana, wananyamaza. Kwa sikio langu, hapo ndipo Suffolk inaposikika hasa. Blythe mwenyewe yumo, ila safari hii hakushika kalamu. Alipewa nafasi ya kasisi.