Ukarabati au Ubomoaji wa Taratibu?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu nyanda za juu naona tumeanzisha msemo wetu: ukiuona ufa, bomoa ukuta wote, inua mwingine, kisha mwite mgeni rasmi akate utepe. Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya na mashairi. Leo ndugu msomaji tuhakiki majengo, kwa sababu nayo yana watunzi wake na wahariri wake, na wapo wahariri wanaoharibu mswada.

Tuanzie Njombe. Wamisionari wa Berlin waliingia kusini mwa nchi hii mwaka 1891, na haikuchukua muda wakawa wamefika Ubena: Kidugala, Yakobi, Lupembe. Baadaye Wabenediktini nao wakajenga Uwemba. Wapo vijana wenzangu wanaosema, aah, hayo ni majengo ya Wajerumani, yanatuhusu nini? Mtu wa namna hiyo mwulize: udongo ulikanyagwa na nani? Tofali zilichomwa na nani? Mbao za paa zilibebwa na mabega ya nani? Mjerumani alichora, babu zetu wakajenga. Majina yao hayakuandikwa popote ukutani, kwa hiyo tukiuondoa ukuta tumewaondoa na wao.

Tena si habari ya sala peke yake. Septemba 1905, Vita vya Maji Maji vilipofika Ubena, wapiganaji wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, wakarudishwa nyuma kwa bunduki. Kwetu sisi tunaotaka kuandika riwaya, hiyo ni hazina kubwa. Lakini utaandikaje kama hukuwahi kusimama mahali penyewe ukaona mtu aliyekuja mbio alikuwa na hatua ngapi hadi mlangoni?

Sasa tazama ukarabati wetu unavyokwenda. Kamati ya ujenzi inachangisha. Linakuja bati la rangi, madirisha ya alumini, siling bodi, marumaru inayoteleza siku ya mvua. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa udongo au chokaa unapigwa plasta ya saruji mpaka unang'aa, na watu wanapiga vigelegele. Hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa wenyewe. Ukiuvika saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini na yale ya mvua yanakosa njia ya kutokea. Na Njombe tunaijua, ukungu na manyunyu si mchezo! Tofali linaoza kwa ndani huku nje kunapendeza, na siku plasta inapobanduka inabanduka na nyama yake. Fundi anasema jengo limechoka, libomolewe. Kumbe lilichoshwa.

Siwacheki wanakamati. Waumini wameongezeka, kanisa dogo halitoshi, na michango hiyo inatoka kwenye mahindi na viazi vya watu. Lakini kiwanja cha misheni mara nyingi ni kikubwa. Lijengwe kubwa pembeni, na lile la zamani lipewe kazi nyingine: shule ya Jumapili, maktaba, chumba cha kwaya. Jengo lenye kazi halikosi mtu wa kuziba paa linalovuja.

Tusitegemee sana sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ililinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo yanahitaji kutangazwa na Waziri. Piga hesabu mwenyewe: wamisionari hao walifika 1891. Makanisa yetu yote yamezaliwa upande usiolindwa.

Mfano mwema upo Unguja. Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini lilianza kujengwa 1873 katika uwanja wa soko la watumwa, chini ya Askofu Edward Steere. Ndani zipo nguzo ambazo, kama wanavyosimulia waongoza wageni, mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu askofu akiwa hayupo. Kanisa lilikarabatiwa katika miaka ya 2010, na nguzo zile hazikugeuzwa. Huo ndio uhariri! Kosa la fundi limebaki kuwa saini yake. Lakini hapohapo Unguja, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilisubiri mno: sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa.

Turudi Makambako, maana mtu atasema huku hatuna cha kale zaidi ya makanisa. Tunacho. Kituo cha TAZARA kina umri wa wazazi wetu. Reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, na mji wa Makambako umenenepa kwa sababu yake. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuifufua. Vizuri sana, treni zije. Ila watakapokuja na rangi na nyundo, nani atauliza kuhusu ukumbi, mabenchi na maandishi ya ukutani?

Nasema tuulize sisi. Kabla fundi hajapanda ngazi, nenda na daftari. Pima mlango kwa hatua, chora dirisha, mwulize mzee wa kanisa tofali zilichomwa wapi, mwulize mstaafu wa reli ni nani aliyemimina zege. Kisha ipelekee kamati nakala, na uwaombe kwa heshima waanze na paa na mifereji ya maji kabla ya kufikiria marumaru. Wakikataa, angalau daftari litakuwepo. Mwandishi wa Njombe asiyefanya hata hilo, aache kulalamika kwamba huku kwetu hakuna cha kuandika.